Mbegu za Kunde za Mama

Ngoliba, Thika.
Aprili 6, 2025

Mpendwa ndugu yangu Mutie,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe na mkeo Emmaculate hamjambo? Kile kifua chako kimepoa, au baridi ya Kanada bado inakusumbua? Mimi ni mzima, ila mikono imejaa malengelenge ya jembe. Niko huku kwa Mama tangu wiki juzi. Ruiru nimemwachia mzee wangu Kaleli nyumba na watoto, na najua wanakula chapati za kununua kila siku.

Uliniambia theluji inayeyuka na miti yenu imeanza kuchipua. Huku nako mvua imeshuka. Kumbikumbi walijaa kwenye taa ya baraza, vyura hawanyamazi, na nilipopita Thika niliona maji ya Mto Chania yamekuwa rangi ya chai. Ungekuwepo ungesema ni wakati mzuri. Mimi sina raha, na acha nikueleze kwa nini.

Nilikuja kumsaidia Mama kufufua shamba lake dogo la nyuma ya jikoni. Ulivyoliacha sivyo lilivyo. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, na ua wa upande wa jirani yetu Nzilani ulikuwa umeanguka, mbuzi wanapita wanavyotaka. Nikafyeka, nikalima, nikamwaga samadi. Mama alikaa kwenye kigoda akinielekeza na kunicheka, eti nashika jembe kama nimeshika kalamu. Nilifurahi sana siku hiyo, Mutie. Nilidhani kilichomshinda ni uzee tu.

Kesho yake akaniambia nisipike, atapika yeye. Akamwita Nzilani tule pamoja. Alituletea kunde zilizoungwa vizuri kwa kitunguu na nyanya. Nilipotafuna nikasikia kitu kama mchanga mdomoni. Lilikuwa jivu. Nikageuza macho kwenye kona, nikaona kile kibuyu cha mbegu kimelazwa chini, mdomo wazi.

Kibuyu chenyewe unakijua. Ni zile mbegu alizopewa na mamake alipoolewa, akazihifadhi kwa jivu msimu hadi msimu. Ule mwaka wa njaa tulishindia uji mwepesi na bado hakukubali ziguswe. Wewe ulichapwa kwa kuchota kiganja kimoja tu, na ulilia hadi majirani wakaja! Sasa amezipika zote, na mvua ndiyo hii imenyesha.

Nzilani aliweka kijiko chini. Mama akatutazama. "Mbona mnaangaliana hivyo? Kuleni bwana, si ziko nyingi."

Nilimaliza sahani yangu. Sikujua ningefanya nini kingine.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimwuliza kwa upole ni siku gani, kisha majina ya watoto wake. Mimi alinitaja. Wewe pia alikutaja, lakini akasema uko Form Two. Daktari aliniambia kumbukumbu zinaondoka, na dawa zitazichelewesha tu. Naogopa, Mutie. Tena nina hasira, na hata sijui namkasirikia nani.

Nilinunua kunde kwenye duka la mbegu mjini. Alizimwaga kiganjani, akazigeuzageuza, akanirudishia. "Hizi si zangu, Nduku." Sukuma wiki na dania ameniruhusu nipande, na zimeshika vizuri. Lakini ile sehemu ya karibu na tangi hataki iguswe. Kila asubuhi anachukua kibuyu kitupu, anasimama pale akikitikisa, kisha anarudi kuniuliza nani amechukua mbegu zake. Namwambia zinakuja. Nimechoka kumdanganya.

Jana ndipo nikakumbuka. Siku ulipoondoka alikufungia kunde kidogo za kibuyu kile kwenye kitambaa, wewe ukacheka. Krismasi ukaniambia bado unazo kwenye mkebe wa majani chai. Tafadhali fungua uangalie kama zimetobolewa na wadudu. Najua ni za zamani, lakini zikiota hata chache zinatosha kuanza upya.

Ukizipata usimpe mtu, wala usizitume. Uliza taratibu za kusafiri nazo, kisha uzilete wewe mwenyewe kabla mvua haijakatika. Ulisema utakuja Desemba ukipata likizo ndefu. Kunde zile Mama atazijua hata zikifika Desemba, hilo sina shaka. Wewe, ndugu yangu, ndiye sina hakika kama atakujua.

Msalimie Emmaculate, mwambie sijasahau ile blanketi aliyoniletea. Mwanangu Ndinda anakusalimu na anataka picha ya theluji kabla haijaisha yote. Nzilani pia anakusalimu. Mungu akufungulie njia, akulinde barabarani na angani hadi mlangoni kwetu.

Mama naye anakusalimu sana. Anauliza mtafunga shule lini.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Nduku