Wifi ameitoa betri nje

Mishamo, Jumanne usiku

Bado nacheka peke yangu. Kumbe huyu wifi yangu Odeta si mpole kama nilivyodhani!

Kaka ana tabia ya kuchaji betri ya pikipiki chumbani, karibu na mkeka anaolalia mtoto wao, eti nje itaibiwa. Leo asubuhi wifi hakubishana. Alizima chaja, akachomoa waya, akaibeba betri wima hadi barazani, mbali na jiko, akaiweka juu ya ubao. Ndipo akabana waya upya, akawasha, akakaa pembeni kuchambua maharage.

Kaka akafoka, "Mwizi akipita je?"

"Atanikuta mimi. Wewe unaogopa mwizi, mimi naogopa moto. Ile kitu ikiwa kwenye chaji inatoa gesi."

Jirani alipokuja na sigara mdomoni, wifi alimsimamisha kulekule njiani. Mzee mzima akageuka kwenda kuizima! Mimi nisingethubutu.

Kila baada ya muda aliigusa betri kusikia kama imepata joto, kama anavyomgusa mtoto akishukiwa kuwa na homa.

Kilichonikera ni kaka. Betri ilipojaa akairudisha, pikipiki ikawaka papo hapo, akaondoka bila asante. Nikawaza, mvua zikianza ataanza tena mambo yake ya chumbani.

Lakini jioni nimemkuta barazani anapigilia ukutani kisanduku cha mbao cha kuchajia betri, kufuli jipya liko mfukoni. Wifi amemshikia tochi.

"Acha matundu," akamwambia, "gesi ipate pa kutokea."

Kaka yangu, asiyeambiwa kitu na mtu, akatoboa.