Nyuki wa Shangazi na Vidole Vyangu

Mama Kulwa, mwenzangu wa Ngokolo,

Salamu toka Didia, kwenye mizinga ya shangazi Kabula. Unavijua vidole vyangu, vilivyokakamaa kwa kugonga mwamba Geita hadi vikashindwa kushika kalamu. Ili kuvitibu, shangazi alinibandika nyuki mmoja tu mkononi aniume, kisha akanikalisha kivulini kutwa nzima akinichungulia uso. "Sumu hii wengine huwavimbisha koo wakafa," alisema. "Mgodini hukufa, baba, usije ukaniaibisha hapa." Kesho yake ndipo akabandika watatu. Nililia, nikasingizia moshi.

Leo ni siku ya tisa. Nibusie Kulwa na Doto, uniwekee na michembe, viazi vyetu vikavu. Usiulize nani kaniandikia kadi hii. Mwandiko mbaya ni wangu tangu shule, nyuki hawahusiki.

Baba Kulwa