Neno la Kiapo

Jumanne, Temple Hills

Bunge, katiba, haki ya kupiga kura, yote niliyakariri nikafaulu mtihani wa uraia wa huku ughaibuni. Limebaki neno moja la kiapo, kukana, na kesho naapishwa.

Wanjiru, Mkenya ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee, aliniambia, "Sisi tuko na paspoti mbili, si hata nyinyi muulize serikali yenu iwaruhusu." Nilimchukia palepale, na wala hana kosa.

Leo nimempigia mama simu, kule Moshi. Nikamweleza kwamba nikishaapa, mimi si Mtanzania tena.

Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, siku nikifa, utaomba viza ndiyo uje kunizika?"

Nikasema mtandao unasumbua, simsikii.

Nilimsikia vizuri sana.