Wiki Nyapara Alipokuwa Matangani

Shiro, mvua mbili zimepita hujakanyaga huku nyumbani Molo. Kwani barabara ilifungwa? Shangazi yako ndiye ananiandikia, na nimemkataza kulainisha maneno yangu. Ng'ombe amezaa. Magoti yangu yamekataa kazi.

Umeniuliza kama ni uvivu kuamka ukilia kila siku kabla ya kwenda kufunga maua ya watu.

Nikiwa msichana nilichuma maua ya pareto kwenye shamba la watu. Nyapara wetu alikataza kuongea, hata kumsalimia mwenzako. Nikaacha kula. Mama akasema, "Wewe ni mvivu tu," na mimi nikamwamini.

Halafu nyapara akafiwa, akaenda kwao wiki nzima. Tulichuma pareto ile ile, kwa baridi ile ile, lakini tukipiga domo. Siku ya tatu nilimaliza ugali nikaomba mwingine. Mama akaniangalia sana.

"Kumbe si wewe," akasema.

Nimechoka, Shiro, siwezi kusema mengi. Ukija mwisho wa mwezi, hiyo simu yako wanayokupigia ya kazi utaiweka ndani ya debe la unga, ulale mpaka uamke mwenyewe. Ukiamka bado unalia, tutaenda kwa daktari sisi wawili, na magoti yangu haya.

Nyanya yako, Cucu