Ugonjwa Uliokwisha Hautajwi

Kinole,
Morogoro.
9 Mei 2024

Mpendwa mwanangu Raya,

Marahaba, maana najua shikamoo yako imetangulia hata kabla hujaifungua bahasha. Mgongo unasemaje? Unakula? Mwambie mumeo Luqmani kwamba mke mwenye mimba ya miezi mitano habebeshwi ndoo, na akibisha nitakuja Mpanda mwenyewe. Mimi ni mzima, ila magoti yananilalamikia kila nikipanda mlima kwenda shamba.

Masika ya safari hii ni ukungu mtupu. Mdalasini haukauki, tunauanika jikoni.

Ningekupigia simu. Wiki hii nimepiga mara mbili, tukaongea habari za bei ya mchele, nikakata. Jambo lenyewe halisemeki kwa simu, na tena nataka liwe kwenye karatasi utakayomwonesha nesi. Abdi wa jirani anasafiri kesho kuja huko, atakukabidhi mkononi.

Tangu ulipotuarifu kwamba una mimba, kuna mtu anapiga hodi hapa. Hupiga mara moja tu, asubuhi, ukungu ukiwa umeziba njia. Unanijua, mimi si mtu wa kukimbia kivuli. Mara ya kwanza nilidhani ni mteja wa mdalasini. Nikatoka, uwanja mtupu, matope hayana unyayo hata wa kuku. Sauti ni ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayeumwa kichwa. Ni sauti ya mama yako. Naogopa, mwanangu, sikufichi.

Tulikulea na uongo. Tulikwambia mama yako Zuhura alikufa kwa homa ulipokuwa na wiki moja. Alikufa siku uliyozaliwa.

Unaukumbuka mwiko wa bibi yako: ugonjwa uliokwisha hautajwi kwa mjamzito, kwa sababu ukisikia jina lake unaitika. Mimba ya kukuzaa wewe ilipokuwa na miezi minne, mama yako aliugua maradhi ya mkojo, akatibiwa, akapona. Kliniki walipomuuliza kama aliwahi kuumwa, Bibi akadakia kwamba huyu hajaumwa tangu aache ziwa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimewashikia mkoba, na nilijua. Nikanyamaza.

Mimba ilipofika mwezi wa nane akaanza kuvimba uso na vidole. Watu wakamsifu kwamba mimba imemkubali. Kichwa kikamuuma siku tatu. Siku ya nne, mchana kweupe, nilimpelekea uji akanitazama sana, kisha akasema, "Mwanvita, nusu ya uso wako iko wapi?"

Nilijigusa shavu, Raya. Hadi leo nikioga huwa najigusa. Akasema hata Bibi pale mlangoni hana upande mmoja. Bibi akaamua kwamba mwanawe anawaona wazee waliotangulia, akawasha ubani badala ya kutafuta gari. Haikupita saa, mama yako akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Gari lilipopatikana tukamshusha mjini. Wewe ulitolewa ukiwa hai. Yeye hakuzinduka.

Juzi nilimsimulia Veronika, nesi wa zahanati yetu. Hakunicheka. Alisema kile ni kifafa cha mimba, huletwa na presha ya ujauzito, na presha hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya aone nyuso nusunusu. Wanawake waliowahi kupata maambukizi, kama hayo ya mkojo, wameonekana kupata presha hiyo zaidi ya wenzao. Si kila mmoja, na sababu yenyewe bado haijajulikana vizuri. Binti wa mama aliyeipata naye anatakiwa kuangaliwa kwa karibu. Ndiyo maana manesi huuliza yaliyopita.

Sasa wewe. Ulipokuwa ukifanya kazi Kihonda uliugua mkojo mara mbili, na mwezi wa pili wa mimba hii ukaugua tena. Ukanisimulia kwa kujisifu kwamba kliniki umejibu hujawahi kuumwa, kama ulivyofundishwa. Aliyekufundisha ni mimi. Nisamehe.

Ukimaliza kusoma, nenda. Wape karatasi hii. Wakupime presha na mkojo kila hudhurio. Kichwa kikiuma kisitulie, ukiona vimulimuli au vitu nusunusu, uso ukivimba, au ukipata maumivu chini ya mbavu, usingoje siku ya kliniki, na asitokee mtu wa kukuwashia ubani kwanza.

Nimeandika haya mlango ukiwa wazi, nikiyasoma kwa sauti, kila ugonjwa kwa jina lake, nione kama kuna utakaoitika. Hakuna ulioitika. Ila ukungu umefika kizingitini, na hodi imepigwa sasa hivi, karibu kuliko siku zote. Sikuinuka. Nimesema tu, "Dada, nimeshamwambia."

Mjomba wako Salehe anakusalimu, na mkewe Mwaisha na wanawe pia. Mwenyezi Mungu akufungue salama, akupe na nguvu za kulea. Mtoto akiwa wa kike, mwite Zuhura. Jina hilo nalo tuliogopa kulitaja miaka yote hii.

Wako akupendaye, aliyekupokea ukiwa na saa moja duniani,

Mama yako mdogo,
Mwanvita