Mistari Mifupi ya Kompyuta Kuukuu

Baraka mdogo wangu,

Hapa Ndosho tuko salama, mama amepona kikohozi. Umeniuliza kama nami niliogopa kusema mbele za watu. Sana.

Kwenye atelye, karakana yetu ya kutengeneza kompyuta, kompyuta kuukuu ilikuwa haionyeshi kumbukumbu yake. Papa Muhindo, fundi wetu, alitaka kuitupa. Mimi nilikuwa nimeona kosa: kompyuta huandika orodha ya vipande vya kumbukumbu yake, na kila mstari hutaja urefu wake. Kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoiendesha, kilidhani mistari yote ni mirefu, kikasoma hadi ndani ya mstari wa jirani. Nikamnong'oneza Papa Muhindo.

"Sema kwa nguvu, mama, hapa si kwenye kitubio!" akaniambia.

Nikasema. Tukakirekebisha kile kiini kisome urefu kwanza, na kumbukumbu yote ikaonekana.

Mstari mfupi haukuwa na kasoro, Baraka; kasoro ilikuwa kwa aliyeusoma. Mwalimu akikuuliza, toa jibu lako fupi, ila kwa nguvu.

Dada yako Furaha