Goroli Bila Baruti

Bonde la Tarrow, 1 Desemba

Kwa binti yangu Rhoda,

Salamu nyingi. Natumaini unaendelea vizuri huko Erie na theluji ya ziwani haijakuzika. Mimi sijambo, isipokuwa kifua. Vumbi la makaa ya mawe lilianza kazi, sasa baridi inaimalizia. Usinikasirikie kwa kukukatia simu Jumapili: kusema kunataka pumzi, na pumzi ninayo kidogo. Mkono hauombi hewa, basi nitakuandikia.

Hii mashine ya oksijeni ina mpira wa mita kumi na tano. Nafika kitandani, jikoni, msalani na kwenye dirisha la nyuma. Kibarazani sifiki, napungukiwa hatua mbili. Mbuzi aliyefungwa kamba atanielewa, ila yeye angalau hufungwa nje. Stella Kubala, jirani, huniletea kabichi na tambi kila Alhamisi, na umbea juu yake bila malipo.

Sasa jambo lenyewe. Msimu wa gobore za gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche za jiwe, unafunguliwa siku moja baada ya Krismasi. Kulungu wamejaa mlimani nyuma ya nyumba, nawaona wakija kula matufaha yaliyooza. Nataka uje uangushe mmoja, nile nyama ya mlima wangu kabla sijafa. Mimi siwezi. Cheche za gumegume na oksijeni puani havikai nyumba moja.

Mwaka huu sikiliza. Usinunue zile risasi ndefu zenye ncha. Mtutu wa gobore yako, kama wangu, una mifereji inayojipinda polepole, kwa hiyo unataka goroli ya mviringo, ya madini laini ya risasi unayoweza kuikwaruza kwa ukucha, iliyofungwa kitambaa chenye mafuta ya ng'ombe. Risasi ndefu ikitoka humo haizunguki vya kutosha, inayumba. Piga hatua hamsini, si zaidi, nyuma ya bega. Goroli haiendi mbali, lakini inapofika inamaliza. Jaribu kwenye karatasi, kisha nitumie hizo karatasi nizisome.

Mimi baba yako,
Emlyn


Erie, 8 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika na nimefurahi, ingawa habari ya mpira imeninyima usingizi. Mimi mzima, kiwandani tunafanya zamu ndefu mpaka Krismasi. Nisalimie Stella, mwambie asiongeze chumvi.

Nilikwenda dukani kuulizia goroli. Yule kijana wa kaunta alinicheka. "Mama, hayo mambo ya babu zetu. Chukua hii ndefu, kulungu anaanguka kabla hajasikia mlio!" Nikamwambia babu zetu walikula nyama. Nikachukua goroli, kama ulivyosema, pamoja na kitambaa cha pamba.

Nimefanya mazoezi Jumamosi kwenye shamba la rafiki. Nimeambatanisha karatasi: goroli tatu, hatua hamsini. Naona si mbaya.

Kuhusu kuja, tutaona. Zamu zikiniruhusu.

Binti yako,
Rhoda


Bonde la Tarrow, 15 Desemba

Kwa Rhoda,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi nipo, mashine inakoroma na mimi nakoroma.

Karatasi yako niliibandika juu ya meza ya jikoni. Tundu tatu zinagusana! Stella alipoingia nikamwambia, "Ona kazi ya mtoto wa nani." Akasema labda wa mama yake. Siku mbili nilikaa chini ya karatasi hiyo kama mtu aliyepewa nishani.

Siku ya tatu nikachukua miwani. Nilifanya kazi ya kupima shabaha za watu miaka thelathini kwenye klabu yetu, Rhoda. Goroli huacha ukingo wa kijivu kwenye tundu. Zako ni safi kama sahani za Krismasi. Nikanusa karatasi: haina baruti, ina kitunguu. Hizi tundu umezitoboa kwa mpini wa mwiko.

Unanidanganya, mimi niliyefungwa hapa, nisiye na dirisha lingine la kutazama nje ila barua zako? Kama hutaki kuja, sema hutaki kuja. Usinitumie mwiko.

Baba yako


Erie, 20 Desemba

Baba,

Shikamoo. Sijui hali yako na naogopa kuuliza.

Ni kweli. Ni mwiko.

Shambani nilikwenda kweli. Nilipima baruti, nikaimimina, nikaweka kitambaa na goroli, nikashindilia kwa fimbo ya mdeki mpaka alama yake. Nikalenga. Nikashindwa kuvuta. Kila nikifumba jicho moja, la pili linamwona yule kulungu wa Januari iliyopita, mguu wa nyuma unaning'inia kwa ngozi, anaruka ua wa mawe kwa mitatu iliyobaki. Tulifuata damu mpaka giza na hatukumpata. Kisha ukanifokea mbele ya wenzako wote wa klabu: "Ungebaki nyumbani ufume sweta!" Risasi ile ndefu niliichagua mwenyewe kwa pesa yangu na kwa kiburi changu, kwa hiyo nililichukua kosa lote.

Tangu siku hiyo sijafyatua hata mara moja. Na sijaja nyumbani, unajua. Kila nikifika njia panda ya kushuka kwenu nasikia sauti yako, nageuza gari. Nimefanya hivyo mara tatu mwaka huu. Mara ya tatu niliona moshi wa bomba lako.

Nilidhani nikikutumia karatasi nzuri utafurahi, na msimu utapita, na mimi nitasema zamu zilinibana. Nisamehe. Heri ya Krismasi, Baba. Kula vizuri.

Binti yako,
Rhoda


Bonde la Tarrow, 11 Januari

Rhoda mwanangu,

Marahaba, na heri ya Mwaka Mpya iliyochelewa. Wiki tatu sikukujibu. Kalamu ilikuwepo, na wino ulikuwepo. Mwenye kuandika ndiye hakuwepo.

Juzi asubuhi dume mmoja alikuja kwenye matufaha, hatua ishirini kutoka dirishani. Nilikuwa nimemngoja tangu msimu ufunguliwe. Nikasema kama mtoto wangu hawezi, mimi nitakufa nikiweza. Nikazima mashine, nikavua mpira, nikafungua dirisha. Nilikuwa na dakika chache tu. Nikachagua goroli bora kuliko zote, niliyoimimina mwenyewe kwenye kalibu, nikaizungusha kwenye taa nione kama ina tundu la hewa. Kitambaa nikakipaka mafuta. Nikashindilia. Macho yalishaanza kuona nyota. Nikatia unga wa baruti kidogo kwenye kisahani cha kuwashia, nikalenga nyuma ya bega, nikavuta.

Kisahani kikawaka, fyuu! Basi. Hakuna mlio. Dume aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kula.

Sikuwa nimeweka baruti mtutuni. Mimi, niliyewapigia kelele vijana wote wa bonde hili, "Baruti kwanza, mjinga wewe!" Mwezi mzima nazungumzia goroli, goroli, na nyuma yake sikuweka kitu. Oksijeni ilikuwa imebaki masharubuni, na cheche zikayakuta. Upande wa kushoto umeungua wote. Stella alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akaanza kulia, halafu akaniuliza binti yangu yuko wapi.

Sasa nitasema, na ukitaka kuichana hii karatasi, ichane. Siku ile ya Januari nilikuona ukitia risasi ndefu kwenye mtutu ule. Nilikuwa umbali wa meza na kiti. Nilijua itayumba. Nikanyamaza. Nilitaka ukose mbele ya watu, urudi kwangu ukisema, "Baba, nifundishe." Sikufikiri itampata mnyama mguuni. Nilipoona ile damu niliogopa, na woga wangu ukatoka kama kelele kwako. Mwaka mzima umebeba kosa langu. Nimelijua kila siku nikiwa kwenye kamba hii, na nilikuacha ulibebe.

Nyama sina haja nayo. Friza ya Stella imejaa kulungu. Nilitaka mtu aingie kwa mlango ule, nikakosa njia ya kuomba, nikaomba kulungu.

Goroli bado imekwama mtutuni. Kuitoa kunataka skrubu kwenye ncha ya mdeki na mtu mwenye mapafu ya kuvuta. Njoo, Rhoda. Sikuambii kwa ajili ya bunduki.

Baba yako


Jumamosi, 17 Januari, kituo cha mafuta njia panda

Baba,

Shikamoo. Usiiguse hiyo bunduki. Usitie baruti kuipuliza, usigonge, usivute.

Barua yako niliisoma Jumatano nikiwa nimesimama, na sijakaa vizuri tangu hapo. Nimekasirika. Kulungu yule nilimlilia mwaka mzima, na wewe uliona. Nimekasirika kuliko nilivyowahi kukukasirikia, na sitakuandikia hasira yote humu kwa sababu nataka nikuambie usoni, kwa sauti, nawe ukae kwenye kiti chako usikilize mpaka nimalize. Kisha nitakunyoa hayo masharubu yaliyobaki.

Nimefika hapa mara tatu nikageuza. Safari hii nimezima gari ili niandike, nisije nikageuza tena. Bomba lako linatoa moshi, nauona. Usisumbuke kuja kibarazani. Najua mpira haufiki.

Bahasha sijaibandika stempu. Naileta mwenyewe.

Mwanao,
Rhoda